Pilau ya sherehe, mapanki na ukwaju: mbwa wa Mwanza ale nini, asile nini

SWALI: Shikamoo daktari. Ninaishi Pasiansi hapa Mwanza. Jumamosi tulikuwa na kipaimara cha binti yangu. Jumapili watoto wakampa Bobi, mbwa wetu wa kienyeji wa kilo kama 18, sinia la pilau iliyobaki pamoja na mifupa ya kuku. Leo Jumatano amelegea, hataki kula, na mkojo wake umekuwa mweusi kama chai. Jirani anasema ametupiwa sumu. Siku zote Bobi anakula tunachokula sisi: ugali na mchuzi, mapanki, dagaa. Nimeangalia kwenye simu nikakuta orodha ndefu ya vyakula vilivyokatazwa kwa mbwa, karibu nusu sivijui hata kwa sura. Kwa mazingira yetu haya, vipi ndivyo vya hatari kweli, na nimlishe nini?

JIBU: Marahaba, mama. Kabla hujaendelea kusoma, mtafute daktari wa mifugo umpeleke Bobi leo hii. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi ni dalili kwamba chembe nyekundu za damu zinapasuka mwilini na rangi yake inatokea kwenye mkojo. Mfunue mdomo wa juu umtazame fizi. Za mbwa mzima ni za waridi, na ukizibonyeza kwa kidole zinakuwa nyeupe, kisha rangi inarudi ndani ya sekunde mbili. Kama fizi za Bobi zimeshapauka au zina umanjano, hali si ya kusubiri kesho. Kinga mkojo wake kidogo kwenye kichupa kisafi uende nao. Akikosekana daktari karibu, anza kwa ofisa mifugo wa kata, atakuelekeza.

Ukifika, sema mambo mawili bila kuulizwa: kwamba alikula pilau Jumapili, na kama umekuwa ukimwona na kupe. Homa ya kupe, ile inayoletwa na vijidudu vya babesia, nayo inaleta fizi nyeupe na mkojo mweusi, na tiba yake ni nyingine kabisa. Tone la damu chini ya hadubini ndilo linalotenganisha magonjwa haya mawili. Omba kipimo hicho kifanyike, asichomwe sindano kwa kutazamwa tu.

Kuhusu sumu ya kutupiwa, siwezi kumbishia jirani yako nikiwa sijamwona mbwa. Ila sumu za wadudu ambazo watu huwawekea mbwa kwa kawaida huonekana mapema, ndani ya dakika au saa chache: mbwa anatoa mate mengi, anatetemeka, anaanguka na kupiga miguu. Mbwa aliyekula Jumapili, akawa mzima Jumatatu, kisha akalegea Jumatano na mkojo mweusi, mimi ananipeleka moja kwa moja kwenye kitunguu.

Hebu likumbuke lile sufuria la sherehe. Vitunguu vilimenywa beseni zima, vikakaangwa mpaka vikawa kahawia iliyokolea, maana ndivyo vinavyoipa pilau rangi yake. Kilo kadhaa zikasinyaa zikabaki kama ujiuji chini ya sufuria, kisha vikaja kitunguu saumu na tangawizi vya kutwanga, nyama, mchele. Pilau inapopakuliwa hakuna anayekiona kitunguu tena, lakini hakijaenda popote. Kina kemikali za salfa ambazo mwili wa binadamu unazimudu na mwili wa mbwa hauzimudu. Zinashambulia chembe nyekundu za damu, nazo zinaanza kupasuka kidogo kidogo, ndiyo sababu dalili huchelewa siku mbili, tatu, hata tano. Kukaanga hakuiondoi sumu hiyo, kuchemsha hakuiondoi, kukausha vilevile. Kitunguu saumu kina nguvu zaidi kwa uzito ule ule.

Kwa vipimo: kitunguu kinachofikia nusu asilimia ya uzito wa mbwa kimeshavuka mpaka. Kwa Bobi hizo ni gramu 90, yaani kitunguu kimoja cha wastani. Akifika gramu 15 kwa kila kilo ya mwili wake, ambazo kwake ni gramu 270, mabadiliko makubwa ya damu yanatarajiwa. Na si lazima ale kwa mkupuo. Mbwa anayemiminiwa mchuzi wa rosti juu ya ugali kila jioni anakusanya madhara taratibu, na wenyewe wanadhani ni uvivu au uzee. Kwa hiyo namna rahisi ni hii: mtolee Bobi sehemu yake kabla kitunguu hakijaingia sufuriani. Ukichemsha nyama, mchotee supu na kipande chake kwanza, ndipo uunge.

Swali jingine utakalojibu wewe: je, pilau ile ilitiwa zabibu kavu? Kama ndiyo, mwambie daktari apime na figo. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuzifunga figo za mbwa ndani ya siku mbili tatu, na haijulikani mapema ni mbwa gani atadhurika kwa chache na yupi atanusurika na nyingi. Kwa miaka mingi madaktari waliliona tatizo bila kujua kinachosababisha. Ni mwaka 2021 ndipo wataalamu wa sumu za wanyama Marekani walipoelekeza kidole kwenye asidi ya tatariki. Walifika hapo baada ya kuona mbwa wengine wameharibikiwa figo vilevile bila kugusa zabibu, ila walikuwa wamekula vitu vingine vyenye asidi hiyo kwa wingi, na kimojawapo kilikuwa ukwaju.

Nimelitaja hili kwa urefu kwa sababu orodha nyingi za kwenye simu zina zabibu na hazina ukwaju. Wewe zabibu unaziona kwa msimu zikitoka Dodoma, lakini ukwaju upo jikoni kwako mwaka mzima: kwenye uji wa asubuhi, kwenye juisi, na yale makapi yaliyokamuliwa yanayotupwa nyuma ya nyumba. Uji wa ukwaju uliobaki usimpe mbwa, na makapi yake yafukie au yafunge vizuri kwenye taka.

Sasa samaki, maana huwezi kufuga mbwa Mwanza ukakwepa samaki, na wala sikushauri ukwepe. Nyama ya samaki aliyechemshwa ni chakula kizuri sana kwa mbwa. Shida ni yale mengine yanayokuja naye.

Mapanki kwanza. Kile kiunzi cha sangara kinachobaki viwandani baada ya minofu kutolewa kina nyama nzuri kati ya mifupa na kichwani, na bei yake inaeleweka. Lakini pezi la mgongoni la sangara lina miiba migumu iliyosimama kama sindano za kushonea magunia, na pingili za uti wa sangara mkubwa mbwa hawezi kuzitafuna zikalainika. Sato naye ana miiba ya pezi iliyo myembamba zaidi, ile inayopenya kooni. Chemsha mapanki, acha yapoe, kisha chambua nyama kwa vidole kama unavyomchambulia mtoto anayeanza kula. Dakika kumi zinatosha. Mchuzi wake mimina kwenye ugali, mifupa tupa mahali asipofika. Mapanki ya kukaanga yana taabu mara mbili, kwa sababu mfupa uliokaangwa unavunjika vipande vyenye ncha, na mafuta yaliyorudiwa kukaangia mara nyingi yanaweza kumletea mbwa uvimbe wa kongosho: anatapika, anajikunja tumbo, hataki kuguswa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo iko kundi hilo hilo. Kwa hiyo kwa siku hizi chache angalia kinyesi cha Bobi. Ukiona damu, au akijikamua bila kutoa kitu, au tumbo likiwa gumu, mweleze daktari.

Mfupa ukimkwama mbwa kooni, utamwona anapangusa mdomo kwa miguu ya mbele, anadondosha mate, anameza bila kuwa na kitu. Sisi tumezoea kumeza tonge la ugali ili mwiba ushuke. Kwa mbwa usijaribu. Tonge linaweza kuusukuma mwiba ukatoboa koromeo, na ukitoboka pale usaha unajaa kifuani. Fungua kinywa chake kwenye mwanga. Ukiuona mwiba karibu, kati ya meno au kwenye ulimi, utoe. Ukiwa ndani zaidi, mpeleke.

Kwenye mialo kuna jambo jingine tena. Niliwahi kuletewa mbwa kutoka Igombe, uzi wa nailoni ukining'inia pembeni ya mdomo wake kama urefu wa kiganja. Mvuvi aliyemleta alikuwa ameuvuta mara mbili, akaacha alipomsikia analia. Mbwa alikuwa amemeza kichwa cha samaki kikiwa na ndoana ndani, na kila uzi ulipovutwa ndoana ilizama zaidi kwenye umio. Ilitolewa kwa upasuaji, na akapona, lakini mivuto ile miwili ndiyo iliyotupa kazi kubwa kuliko ndoana yenyewe. Ukikuta uzi mdomoni, au ukitokea upande wa nyuma, usiuvute, na usiukate mfupi ukapotelea ndani. Mfunge asile kitu, mpeleke.

Dagaa ni rafiki wa mbwa, tena kuliko watu wanavyofikiri. Analiwa mzima na mifupa yake laini, kwa hiyo analeta protini na kalsiamu kwa pamoja, vitu viwili ambavyo ugali hauna vya kutosha. Ila dagaa wetu wengi wamekaushwa juu ya mchanga wa ufukweni. Chukua bakuli la maji, watie konzi moja, vuruga kwa mkono kisha uache dakika tano. Utaona chini ya bakuli tabaka la mchanga wenye rangi ya kijivu. Mbwa anayepewa dagaa wakavu bila kuoshwa anaumeza wote, na mchanga ukijikusanya unaziba utumbo. Osha maji mawili au matatu mpaka chini pabaki safi, halafu chemsha.

Kayabo usimpe. Sangara aliyekaushwa kwa chumvi hubeba chumvi nyingi sana, na mbwa huanza kuonyesha dalili za sumu ya chumvi akipata gramu 2 hadi 3 kwa kila kilo yake. Kwa Bobi, gramu 36 ni kama vijiko viwili vya chakula. Anatapika, anakunywa maji kupita kiasi, anayumba, anaweza kupata degedege. Maji yaliyolowekewa kayabo nayo usiyamwage kwenye chombo anachoweza kukilamba.

Samaki mbichi nao mimi siwashauri. Baadhi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na mbwa anayewala kila siku anaweza kudhoofika mishipa ya fahamu. Wengine wana mabuu ya minyoo. Moto unamaliza yote mawili.

Kuna kitu ambacho kinaniumiza kuliko vyote nilivyotaja, kwa sababu kinafanywa na watu wanaowapenda mbwa wao. Ni unga mbovu. Mahindi yaliyonyeshewa, yaliyoota ukungu wa kijani au mweusi, yale ambayo mama mwenyewe anasema haya hayawafai watoto, yanasagwa yanapikwa ugali wa mbwa. Ukungu ule unatengeneza sumukuvu. Mnakumbuka mwaka 2016, watu walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu hiyo. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo kwa urahisi zaidi. Inamla ini. Dalili zake ni macho na fizi kuwa njano, kukataa chakula, tumbo kujaa maji, kutapika au kunya damu, na mara nyingi mbwa huletwa ini likiwa limeshakwisha. Kuupika ugali kwa muda mrefu hakusaidii, kwa sababu moto wa jikoni hauivunji sumu hiyo. Karanga zilizosinyaa na kubadilika rangi ziko vilevile, na pumba iliyokaa kwenye unyevunyevu pia. Kisichowafaa watoto wako kwa sababu ya ukungu, Bobi naye hakimfai. Kitupe kabisa, na kuku usiwape.

Muhogo: udaga uliovundikwa, ukakauka vizuri na kusagwa hauna tatizo akila kiasi. Muhogo mchungu mbichi na maganda yake una sumu ya sianidi, usimwachie aokote shambani. Viazi vitamu vilivyochemshwa anakula, na michembe (vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa) iliyopikwa pia, mradi isiwe na ukungu. Maharage yaive hasa, yasiwe na kitunguu.

Nyama za ndani zina sharti lake. Maini ni mazuri, lakini yasizidi kipande kidogo mara moja au mbili kwa wiki, maana vitamini A ikizidi inaharibu mifupa. Na ukinunua maini au mapafu ya mbuzi, kondoo au ng'ombe ukayakuta na malengelenge yaliyojaa maji, usimtupie mbwa kamwe. Ndani ya lengelenge lile kuna vichwa vidogo vya tegu. Mbwa akiyala mabichi, minyoo inakomaa utumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, na mtoto aliyecheza na mbwa huyo akayameza anaota malengelenge kama yale kwenye ini au mapafu yake mwenyewe. Choma au fukia nyama hiyo, nyama za ndani nyingine zipike ziive, na Bobi apewe dawa ya minyoo yenye prazikwanteli kwa kipimo cha mbwa. Jina hilo wakazi wa ziwa mnalijua kutoka kwenye dawa ya kichocho.

Yaliyobaki nitayapitia haraka. Unga wa maandazi au chapati za maji uliotiwa hamira na haujapikwa ni hatari kubwa: unaendelea kuumuka tumboni, unatoa gesi na pombe. Machicha ya pombe na gongo hayana nafasi kwa mbwa. Majani ya chai na kahawa yana kafeini. Kokoa na chokoleti nyeusi zinaathiri moyo. Kwa Bobi, vijiko vitatu vya chakula vya unga wa kokoa vinatosha kumharibia siku, ilhali kipande kidogo cha chokoleti ya maziwa mara nyingi kinamwachia tumbo la kuharisha tu. Bigijii na pipi zisizo na sukari zinaweza kuwa na zailitoli, inayoshusha sukari ya mbwa ndani ya nusu saa. Soma karatasi yake, na siagi ya karanga ya dukani isome vilevile. Nyama ya embe sawa, kokwa hapana, maana inaziba utumbo, na kokwa ya parachichi ni hivyo hivyo. Ndizi mbivu, papai bila mbegu, tikiti, karoti, boga: sawa kwa kiasi. Yai lililochemshwa ni zuri. Maziwa mabichi huwaharisha mbwa wengi wakubwa. Mtindi kidogo wanauvumilia.

Kuhusu chakula cha kila siku, Bobi akishapona na hamu ikarudi, sufuria lake lisiwe na kitu kigumu kukipata. Kwa mbwa wa kilo 18 asiyefanya kazi nzito, pima ugali wa unga mzima kama gramu 400, dagaa wakavu kama gramu 100 waliooshwa na kuchemshwa au nyama ya mapanki iliyochambuliwa mara tatu ya uzito huo, mchicha au karoti konzi moja, na kijiko cha mafuta ya alizeti. Bila kitunguu na bila chumvi. Gawa asubuhi na jioni. Siku za mapanki peke yake kalsiamu inapungua, kwa hiyo changanya na dagaa kidogo. Mshike mbavu kila baada ya wiki mbili: zikipapasika chini ya ngozi bila kuonekana kwa mbali, kiasi hicho kinamtosha. Zikianza kupotea, punguza ugali, dagaa usiwaguse.

Siku akila kitu kibaya, usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Nimeshakueleza chumvi inafanya nini. Maziwa, mafuta ya kula na mayai mabichi havifuti sumu, vinachelewesha safari tu. Mkaa wa jikoni uliosagwa si ule mkaa wa dawa. Wala usimpe Panadol au diklofenaki kwa kuona anaumwa, ni sumu kwake. Chukua mabaki ya kile alichokula, angalia saa, umpigie daktari. Ndani ya saa mbili za kwanza daktari anaweza kumtapisha kwa usalama. Baada ya hapo nafasi inapungua sana.

Na hili hukuuliza, ila kwa kuwa unakaa karibu na ziwa nisiliache. Kuna nyakati, hasa maji yakitulia na joto likizidi, utaona kwenye ghuba rangi ya kijani imetanda juu ya maji kama mtu amemwaga rangi ya nyumba, na upepo unaisukuma ikajikusanya ufukweni kuwa utando mzito wenye harufu mbaya. Si magugu maji. Ni bakteria wadogo wa kijani wanaofanana na mwani, na baadhi wana sumu inayoua ini la mbwa kwa saa chache. Mbwa anapenda kunywa pale pale kwenye kingo ambapo utando ni mnene kuliko kwingine. Kuyachemsha maji hayo hakuyafanyi salama. Ukiyaona hivyo, usimwachie anywe wala aogelee. Akiingia kabla hujamdaka, mwoshe mwili mzima kwa maji ya bomba papo hapo, kabla hajaanza kujilamba manyoya.